Kama Mungu hujibu kabla hatujaomba, mbona bado tunangoja?

Swali la msomaji: "Bwana asifiwe, mwalimu. Mdogo wangu anaumwa figo, huu ni mwaka wa tatu. Kanisani tumefunga siku 21 tukishikilia Isaya 65:24 na Yeremia 33:3, hali haijabadilika. Mhubiri mgeni akasema Mungu hachelewi, kwa hiyo lazima nyumbani kwetu kuna dhambi iliyofichwa, au hatujapanda mbegu, yaani sadaka, ya kufungua jibu. Je, manabii wanasema hivyo? Halafu kama Mungu hujibu kabla hatujaomba, tunaomba ya nini?"

Dada, pole kwa kuuguza. Nianze na la mhubiri, maana naona ndilo lililokuchoma: hapana, manabii hawasemi hivyo. Wanasema Mungu yu tayari kusikia kuliko watu walivyo tayari kumwita. Wanasema pia yapo maombi anayoyazibia masikio, ila wanawataja wazi wanaozibiwa, na mtu anayemuuguza mdogo wake hayumo. Kaa na Biblia mkononi, kwa sababu nitakutuma huku na huku, na kazi kubwa hapa ni kuzirudisha aya zile mbili mahali zilikong'olewa.

Kwanza mipaka. Katika Biblia ya Kiebrania kundi la Manabii lina sehemu mbili: Yoshua, Waamuzi, Samweli na Wafalme, kisha Isaya, Yeremia, Ezekieli na wale kumi na wawili kuanzia Hosea hadi Malaki. Ndiyo maana nitawataja Eliya na Hezekia bila kutoka nje ya somo. Danieli Wayahudi wamemweka katika kundi jingine, la Maandishi, lakini mfungo wenu wa siku 21 umetokana na kitabu chake, kwa hiyo naye itabidi aitwe.

Sasa Isaya. Usianzie sura ya 65, anzia 63:7. Kutoka hapo hadi mwisho wa sura ya 64 ni ombi moja refu la watu waliobaki na majivu: miji imekuwa nyika, Yerusalemu ni ukiwa, na nyumba ambamo baba zao walimsifu Mungu imeteketezwa kwa moto (64:10–11). Hekalu hilo lilichomwa na Wababeli mwaka 587 au 586 K.K. Waombaji hawapambi maneno. Wanamwuliza Mungu kwa nini amewaacha wakapotea (63:17), wanatamani apasue mbingu ashuke (64:1), wanakiri kwamba wao wote wamekuwa kama kitu kichafu (64:6), na ombi zima halifungwi kwa "Amina". Linafungwa kwa swali: utajizuia kwa mambo haya, utanyamaza?

Sura ya 65 ni jibu la swali hilo, na jibu linaanza kwa kugeuza kibao. Mungu anasema alikuwa tayari kuulizwa na watu ambao hawakuuliza, tayari kuonekana na ambao hawakutafuta. Mchana kutwa alinyosha mikono yake kwa watu waasi. Hapo tusimame kidogo. Katika Israeli kunyosha mikono ni tendo la mwombaji; Isaya 1:15 inaitaja hivyo hivyo, mikono iliyokunjuliwa mbele za Mungu. Katika 65:2 aliyenyosha mikono ni Mungu, na wanaonyoshewa ndio wanaompa kisogo. Kisha analalamika kama mtu aliyeachwa bila jibu: nilipoita hamkuitika, niliponena hamkusikia (65:12). Analirudia katika 66:4. Kwa hiyo katika sura hizi, anayeita bila kuitikiwa ni Mungu, na aya uliyoishika inakuja kuuponya mvunjiko huo: "Na itakuwa ya kwamba, kabla hawajaomba, nitajibu, na wakiwa katika kunena, nitasikia."

Itakuwa lini? Angalia majirani wa aya hiyo. Kuanzia aya ya 17 nabii anaeleza mbingu mpya na nchi mpya: hakuna mtoto atakayeishi siku chache tu, afaye na miaka 100 atahesabiwa kijana, watu watajenga nyumba na kukaa ndani yake wenyewe, mbwa-mwitu na mwana-kondoo watakula pamoja. Aya ya 24 imo ndani ya orodha hiyo, moja kabla ya mwisho. Anayeidai itimie kufikia Ijumaa ajiulize mbona haidai ya 25 pia. Ni ahadi ya kweli, lakini inaeleza jinsi mambo yatakavyokuwa pale Mungu atakapomaliza kazi yake. Inatuonyesha moyo wake umeelekea wapi tangu sasa, haitoi ratiba ya wodi.

Hata hivyo manabii wanatuonyesha kionjo chake kikitokea mapema, na kionjo hicho kinahusu mgonjwa. Soma 2 Wafalme 20:1–7, kisha Isaya 38. Mfalme Hezekia anaumwa jipu, yuko mahututi, Isaya anamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa maana atakufa. Anageukia ukutani. Ombi lake ni aya moja tu, pamoja na kilio kikubwa. Isaya hajafika hata nje, neno linamrudisha: nimesikia maombi yako, nimeyaona machozi yako, siku ya tatu utapanda nyumbani kwa Bwana, nami nitakuongezea miaka 15. Halafu nabii yule yule anaagiza andazi la tini libandikwe kwenye jipu. Jibu limeshatoka mbinguni na dawa bado inabandikwa. Hili nalisisitiza kwa sababu ya figo: mtu akikwambia kwamba kuendelea na vidonge au kwenda kusafishwa damu ni kukosa imani, mpeleke kwenye 2 Wafalme 20:7. Siku za kliniki zisirukwe kwa ajili ya mkesha.

Yeremia 33:3 nayo imenyofolewa. Wapo wanaoiita namba ya simu ya Mungu. "Niite, nami nitakuitikia, nami nitakuonyesha mambo makubwa, magumu usiyoyajua." Anayeambiwa ni mtu mmoja, Yeremia, akiwa amefungwa katika uwanda wa walinzi. Sura ya 32 inatoa tarehe: mwaka wa kumi wa Sedekia mfalme wa Yuda, ambao ni wa 18 wa Nebukadreza mfalme wa Babeli. Jeshi la Babeli limeuzunguka mji, na 33:4 inasema nyumba za mji, hata za wafalme, zimebomolewa kwa ajili ya kujihami na maboma ya adui. Katika hali hiyo Mungu amemwambia anunue shamba la binamu yake Hanameli kule Anathothi. Analinunua kwa shekeli 17 za fedha, anazipima kwenye mizani mbele ya mashahidi, hati zinaandikwa, moja ya kutiwa muhuri na nyingine ya wazi, na Baruku mwandishi wake anaagizwa aziweke katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Baada ya kulipa ndipo Yeremia anaomba (32:16–25), na ukilisoma ombi lake utaona limejaa mshangao: mji unachukuliwa na adui, nawe unaniambia ninunue shamba?

Kwa hiyo "niite" inakuja kwa mtu ambaye ametii kwanza, akabaki haelewi. Na hayo "magumu" asiyoyajua ni yapi? Usikisie, yameandikwa aya inayofuata. Linatangulia jambo baya: nyumba zitajaa mizoga (33:5). Kisha linakuja la uponyaji na amani (aya ya 6), kurudishwa wafungwa (7), kusamehewa (8). Mungu alijibu, tena kwa mapana, lakini sehemu ya kwanza ya jibu ilikuwa habari ambayo hakuna mtu angeiandika kwenye kadi ya maombi. Unaweza kuitumia aya hii? Ndiyo, kama mtu anayejifunza kwamba hata akiwa kifungoni Mungu anapenda aitwe, na kwamba akiitwa husema ukweli wote. Usiitumie kama hati ya kudai kitu ulichokichagua wewe.

Sasa swali lako la mwisho, tunaomba ya nini. Aya yenyewe imeshajibu nusu: "wakiwa katika kunena" maana yake watu bado wananena. Nusu nyingine iko mlima Karmeli, 1 Wafalme 18. Angalia aya ya kwanza ya sura hiyo: Bwana anamwambia Eliya aende kwa mfalme Ahabu, na Bwana mwenyewe ataleta mvua. Mvua imeahidiwa kabla ya mlima, kabla ya madhabahu, kabla ya ombi lolote la siku hiyo. Manabii 450 wa Baali wanaita tangu asubuhi hadi adhuhuri na kuipita, wanajikatakata kwa visu, hakuna sauti. Eliya anamwagia sadaka yake mitungi minne ya maji mara tatu, anasema aya mbili tu za maombi, moto unashuka hapo hapo. Kisha anapanda kuomba mvua ile iliyokwisha ahidiwa. Anainama, uso kati ya magoti, anamtuma mtumishi wake akatazame upande wa bahari. Hakuna kitu. Anamrudisha. Hakuna kitu. Mara saba, ndipo kinaonekana kiwingu kama mkono wa mtu.

Mtu ni yule yule, siku ni ile ile, imani haijapungua kitu. Moto ulikuja kwa aya mbili, mvua ikaja kwa safari saba. Mhubiri wako angepita pale kati ya safari ya tatu na ya nne, angemshauri Eliya achunguze dhambi iliyofichwa. Na ahadi haikumfanya Eliya akae. Ndiyo iliyompigisha magoti. Ezekieli 36 inalisema waziwazi: baada ya Mungu kuahidi moyo mpya, miji kujengwa na mashamba kulimwa, anaongeza katika aya ya 37 kwamba hata kwa ajili ya hilo ataulizwa na nyumba ya Israeli ili awatendee. Ameamua kutoa, na ameamua aombwe. Linganisha na 20:1–3, ambapo wazee wanakuja kumwuliza, wanakaa mbele ya nabii, na anakataa kabisa kuulizwa nao; na 14:3 inatoa sababu ya wazee wengine waliokuja vivyo hivyo, kwamba wametwaa vinyago vyao na kuviweka mioyoni. Walikuja kwa Mungu mmoja na mwingine wakiwa naye mfukoni.

Hapa ndipo tunapaswa kusema wazi ni nani hasikilizwi, kwa sababu mhubiri hakulitoa jambo hili hewani, amelitoa mahali akalipeleka kwingine. Huenda alisoma Isaya 59:1–2: "mkono wa Bwana haukupunguka, hata usiweze kuokoa, wala sikio lake si zito, hata lisiweze kusikia", bali maovu yenu yamewatenga na Mungu wenu. Ni kweli imeandikwa. Lakini mwambie aendelee hadi aya ya 8, kisha arukie aya ya 14. Mikono imetiwa damu, midomo inasema uongo, watu wanapelekana mahakamani bila haki, kweli imeanguka katika njia kuu. Hiyo si dhambi iliyofichwa. Imefanywa mchana, barabarani, kila mtu akiiona.

Na huo ndio utaratibu wa manabii karibu kila mahali. Isaya 1:15, "mwombapo maombi mengi, sitasikia, mikono yenu imejaa damu", inafuatwa na agizo la kumpatia yatima haki yake na kumtetea mjane. Mika 3:4 inasema watamlilia Bwana asiwaitikie, na waliotajwa aya tatu kabla ni vichwa vya Yakobo, watu wa kujua hukumu, wanaowachuna watu ngozi. Zekaria 7 inahusu wajumbe waliokuja kuuliza, katika mwaka wa nne wa Dario, yaani 518 K.K., kama waendelee kufunga na kulia mwezi wa tano kama walivyofanya miaka 70. Jibu halikuanza kwa ndiyo wala hapana. Liliwakumbusha baba zao: walikataa kusikia habari ya mjane, yatima, mgeni na maskini, kwa hiyo nao walipolia hawakusikilizwa (7:13). Jibu la swali la mfungo lenyewe halikuja mpaka 8:19, na lilikuwa kwamba mifungo hiyo itageuka sikukuu. Malaki 2:13–14 inawaonyesha wanaume waliofunika madhabahu kwa machozi, na sadaka haipokelewi, kwa sababu wamewatendea hila wake wa ujana wao. Kila mara dhambi ina jina, ina aliyeumizwa, na mkosaji ni mtu mwenye nguvu juu ya mwingine.

Utaniuliza, Akani aliyeficha nyara je? Yoshua 7 ni kweli dhambi ya siri iliyowaangusha Israeli. Tazama lakini jinsi ilivyokwenda: Mungu mwenyewe alimwambia Yoshua kosa ni nini, kabila likachaguliwa, kisha ukoo, kisha nyumba, kisha mtu, na chini ya hema vikafukuliwa vazi la Shinari, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50. Iliishia kwenye mtu mmoja na vitu vinavyoshikika. Nathani alimtajia Daudi kosa lake, Eliya alimtajia Ahabu shamba la Nabothi alilolitwaa. Nabii anayesema "kuna dhambi mahali fulani nyumbani kwenu" akaondoka, akaiacha familia ikitazamana kwa mashaka juu ya kitanda cha mgonjwa, hana mwenzake katika vitabu hivi.

Kama mnataka kujipima, na kujipima si vibaya, tumieni Isaya 58, maana imeandikwa kwa ajili ya wafungaji waliouliza swali lenu neno kwa neno: mbona tumefunga, nawe huoni? Jibu la Mungu katika aya ya 3 linakwenda moja kwa moja kwenye ajira: siku ya kufunga mnatafuta yenu, na wafanyakazi wenu mnawalemea. Kwa hiyo swali la kwanza ni la mfuko. Dada wa kazi amelipwa mwezi huu? Kibarua aliyechimba msingi anadai? Kuna shamba la mjane ambalo ukoo umelikalia? La pili liko aya ya 7: mwenye njaa amepata chakula, na ndugu wa damu hamjajificha wasiwaone? La tatu liko aya ya 9, na kwenye familia zenye mgonjwa ndilo linalouma zaidi: kunyosha kidole na kunena maovu. Mawifi wanaosemana kuhusu nani hachangii, na nani alimloga nani. Ahadi imekaa katikati kabisa ya masharti hayo: "Ndipo utaita, na Bwana ataitika, utalia, naye atasema, Mimi hapa." Mkikuta kitu, kirekebisheni kitu hicho, kwa jina lake. Msipokuta, acheni kuchimba. Na hata mkirekebisha, msikifanye malipo ya figo. Sura hiyo inazungumza na taifa linalodhulumu, haikutoa kanuni ya kupima kwa nini mtu fulani anaumwa.

Maana wapo pia wenye haki waliongoja, na manabii hawakuwaficha. Habakuki anaanza kitabu chake kwa kulia: hata lini nilie, nawe husikii? Hakuna kosa analotajiwa. Anajibiwa, na jibu ni baya kuliko tatizo: Wakaldayo, yaani Wababeli, wanakuja (1:5–11). Analalamika tena, anajiweka kwenye zamu, anaambiwa aiandike njozi juu ya vibao, ina wakati wake ulioamriwa. Yeremia katika 15:18 anamwuliza Mungu kwa nini jeraha lake halitaki kupona. Tena yeye alikatazwa mara tatu kuwaombea watu wake (7:16, 11:14, 14:11), na katika 15:1 anaambiwa hata Musa na Samweli wangesimama pale isingesaidia. Kizuizi kilikuwa kwa taifa ambalo lilikuwa limeamua njia yake, si kwa mwombaji.

Kuhusu muda, soma yote ndipo uamue kama ipo namba ya kushika. Hezekia alijibiwa kabla nabii hajafika nje. Danieli 9 inasema Gabrieli alifika wakati ombi bado linaendelea, karibu na saa ya dhabihu ya jioni, na neno lilikuwa limetoka tangu mwanzo wa maombi. Kilichomfanya aombe ni kusoma ile miaka 70 ya Yeremia. Katika Danieli 10 maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza, mjumbe akazuiwa siku 21, na Danieli hakujua lolote mpaka alipoambiwa. Hakuna aliyemwagiza afunge siku 21. Alikuwa akiomboleza, ikawa siku hizo. Yeremia 42 ni siku 10: mabaki ya watu karibu na Bethlehemu wanamsihi awaombee, wanaapa watatii jema au baya, wanangoja, jibu linakuja kwamba wabaki nchini. Wakamwita mwongo wakaenda Misri, ambako 41:17 inaonyesha walikuwa wameshaelekea kabla hawajauliza. Waliohamishwa Babeli nao waliahidiwa mtaniita, nami nitawasikiliza (29:12), lakini mbele yake kuna miaka 70, na agizo la kujenga nyumba, kupanda bustani na kuuombea amani mji ule wa ugeni. Aliyewapa tarehe fupi, miaka miwili, alikuwa Hanania, na sura ya 28 inamtaja kama nabii wa uongo. Tangu hapo ninamwogopa kila anayetaja tarehe.

Kuhusu mbegu nitakuwa mfupi. Naamani aliyepona ukoma alimsihi Elisha apokee zawadi, Elisha akaapa kwamba hatapokea kitu. Gehazi, mtumishi wa Elisha, akamkimbilia Naamani, akapata talanta mbili za fedha na mavazi mawili, na ukoma wa Naamani juu yake (2 Wafalme 5). Mika 3 inawataja manabii wanaotangaza amani wakipewa cha kutafuna, na wasiotia kitu vinywani mwao wanawaandalia vita. Aya ya 11 inasema wanabashiri kwa fedha. Na aya ya 7 inasema hao ndio watakaofunika midomo, kwa sababu hakuna jibu la Mungu. Atakayekuletea Malaki 3:10, ile aya ya zaka, mwambie asome 3:5 kwanza, ambapo Mungu anakuja kuwashitaki wanaomwonea mwajiriwa katika mshahara wake, na mjane, na yatima. Zaka ile ilipelekwa ghalani ili kiwemo chakula nyumbani mwa Mungu. Haikununua jibu la mtu binafsi.

Sasa mwendelee vipi? Tumieni ombi lile la Isaya 63:7–64:12 kama njia, si kulikariri. Linaanza kwa kutaja wema wa Mungu uliopita, linamwomba atazame kutoka mbinguni, linalalamika bila kuogopa, linakiri kwa "sisi sote" bila kumtafuta mchawi wa familia, linashikilia kwamba yeye ni Baba na sisi udongo, na linaruhusiwa kuisha kwa swali. Semeni ugonjwa kwa jina lake. Ombeni uponyaji wazi, kama Hezekia, na ombeni pia kilicho karibu: damu isafishwe bila matatizo, dawa ipatikane, nauli ipatikane. Eliya alipochoka akaomba afe (1 Wafalme 19), hakupewa alichoomba. Alipewa usingizi, mkate na maji, mara mbili, na nguvu za kutembea siku 40. Majibu ya namna hiyo yakija nyumbani kwenu myahesabu.

Mgonjwa mwenyewe asifunge. Mtu wa figo, chakula chake na maji yake vinapangwa na daktari, na mfungo unaweza kumlaza hospitali. Nyinyi wazima mkitaka kuendelea, soma Danieli 10:3 vizuri: aliacha chakula kitamu, nyama, divai na kujipaka mafuta, basi. Hakukaa na njaa kavu. Fungeni hivyo, na pesa ya nyama na soda ya wiki nzima iingie kwenye bahasha ya nauli yake ya kliniki.